Linux, FreeBSD au OpenBSD: pakiti inachelewa wapi ndani ya rauta?

Fungua ukurasa wa rauta yoyote ya MikroTik kwenye tovuti ya kampuni hiyo ya Latvia, kisha shuka hadi kwenye jedwali la vipimo ambalo wanunuzi wengi hulipita tu. Utaona ukubwa wa pakiti (vipande ambavyo data hukatwa ili kusafiri mtandaoni) wa aina tatu: baiti 1518, 512 na 64. Utaona pia kazi iliyokuwa ikifanyika wakati wa kupima: kupitisha pakiti kwa njia ya mkato bila sheria yoyote, kuzipitisha kukiwa na foleni 25 za kugawa kasi, kuzipitisha kukiwa na sheria 25 za fayawoli. Kifaa ni kilekile na mfumo ni uleule, RouterOS, ambao kerneli yake, yaani moyo wa mfumo endeshi, ni Linux. Hata hivyo namba za pembe moja ya jedwali ziko mbali mno na za pembe ya pili. Rauta inayojaza waya kwa pakiti kubwa zisizo na sheria huporomoka pakiti zinapokuwa ndogo na sheria zikawekwa.

Nalipenda jedwali hilo kwa sababu linagusa ubishi ambao mafundi wa mitandao hawaumalizi: kwa kazi ya rauta, mfumo endeshi bora ni Linux au FreeBSD? Na OpenBSD, mfumo wa tatu, iwekwe wapi? Tofauti iliyopo kati ya pembe mbili za jedwali la mfumo mmoja mara nyingi huzidi tofauti iliyopo kati ya mfumo na mfumo. Anayetaka kulinganisha mifumo hana budi kujua kwanza pakiti inalipa nini ndani ya mashine, na inalipia wapi.

Nanosekunde 67

Mteja hununua megabiti, lakini rauta hufanya kazi kwa kuhesabu pakiti. Ni kama mizani ya barabara kuu: lori lililojaa saruji na lori tupu yote yanapanda, yanapimwa, yanaandikwa, yanashuka. Foleni hurefushwa na idadi ya malori, si na uzito wa mzigo. Ndani ya rauta, kusoma kichwa cha pakiti, kutafuta njia, kupunguza TTL (idadi ya hatua ilizobakiwa nazo pakiti) na kuitoa kwenye kadi ya upande wa pili ni kazi ileile, iwe pakiti imebeba kipande cha video au baiti chache za kusema "nimepokea".

Sasa tupige hesabu. Fremu ndogo kabisa ya Etheneti ina baiti 64. Kwenye waya hutanguliwa na baiti 8, na baada yake huachwa nafasi ya baiti 12, jumla 84. Kwenye laini ya gigabiti 1 hiyo ni pakiti 1,488,095 kwa sekunde. Kwenye gigabiti 10 ni 14,880,952. Yaani kila baada ya nanosekunde 67.2 pakiti nyingine imebisha hodi. Prosesa ya gigahezi 3 hupata mizunguko 200 hivi katika muda huo. Safari moja tu ya kwenda RAM kuchukua kitu ambacho hakikuwa kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) inaweza kumaliza bajeti yote hiyo, na rauta bado haijafanya lolote la maana.

Chukua fremu za baiti 1518 kwenye laini hiyohiyo ya gigabiti 10. Zinafika 812,743 kwa sekunde, na kila moja inakupa nanosekunde 1,230. Ni zaidi ya mara 18 ya muda ule. Ndiyo maana mtu akiniambia "mashine yangu inapitisha gigabiti 10" bila kutaja ukubwa wa pakiti, nahesabu kwamba bado hajaniambia kitu.

Huenda ukasema pakiti za baiti 64 ni za maabara. Si kweli. Kila anayepakua faili anarudisha mfululizo wa pakiti ndogo za kuthibitisha kwamba amepokea. Simu moja ya intaneti inayotumia kodeki ya G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande, kila moja ikiwa na baiti 200. Mashambulizi ya kufurika pakiti za SYN, zile za kuomba kuanzisha mazungumzo, huja na pakiti ndogo peke yake. Mchanganyiko unaotumika sana kwenye vipimo, ndogo 7 kwa za kati 4 kwa kubwa 1, una wastani wa baiti 340 hivi. Rauta nyingi zinazoanguka haziangushwi na watazamaji wa filamu.

Kengele iliyolia kupita kiasi

Kadi ya mtandao ikipokea pakiti huiandika moja kwa moja kwenye RAM, kisha hupiga kengele: prosesa iache ilichokuwa ikifanya, ije kuchukua mzigo. Kengele moja kwa kila pakiti haina shida pakiti zikiwa chache. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza kinachotokea zikizidi. Mashine hutumia muda wake wote kuitikia kengele. Pakiti hutolewa kwenye kadi, hupangwa ndani, kisha hutupwa kwa kuwa hakuna muda uliobaki wa kuzimalizia. Kadiri zinavyoingia nyingi ndivyo zinavyotoka chache, hadi hakuna inayotoka, huku prosesa ikiwa asilimia 100.

Dawa yao ndiyo inayotumika hadi leo. Kengele ya kwanza ikilia, zima kengele, kisha nenda mwenyewe kwenye foleni ya kadi uchukue pakiti kwa mafungu mpaka ziishe, ndipo uiwashe tena. Kwa upande wa FreeBSD, Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa aliandika utaratibu wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Linux ikapata wake unaoitwa NAPI. Kwa hiyo anayesema leo kwamba mfumo fulani unazidiwa na kengele na mwingine hauzidiwi, anasimulia ugomvi uliokwisha zamani. Kilichobaki ni ukubwa wa fungu. Linux kwa kawaida huchukua hadi pakiti 300 kwa mzunguko mmoja kabla ya kupisha kazi nyingine, na faili ya /proc/net/softnet_stat, safu yake ya tatu, huongezeka kila mara mzunguko unapokatishwa kabla kazi haijaisha. Safu ya pili huhesabu pakiti zilizotupwa. Mafundi wengi hawajawahi kuifungua faili hiyo, na ndiyo ninayoianzia.

Kuitafuta njia

Rauta inayobeba jedwali zima la intaneti hushika njia za IPv4 zaidi ya 900,000, na kwa kila pakiti inapaswa kuchagua ile inayoitaja anwani kwa kina zaidi. Ukiwa na 10.0.0.0/8, 10.20.0.0/16 na 10.20.30.0/24 (namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa zaidi, njia hutaja anwani kwa kina zaidi), pakiti ya kwenda 10.20.30.7 inafuata ya tatu japo zote tatu zinaihusu. Hapa mifumo ilitofautiana kwelikweli, na historia yake inafundisha namna ya kusoma vipimo.

Linux kwa miaka mingi ilikuwa na kashe ya njia. Anwani ikishatafutwa mara moja, jibu huhifadhiwa, na pakiti zinazofuata za anwani hiyo hupita haraka. Ukipima kwa mkondo mmoja, au kwa anwani kumi, namba zinapendeza sana. Lakini mshambuliaji akituma pakiti zenye anwani za kubahatisha, kila moja hudai nafasi mpya kwenye kashe; kashe hujaa, husafishwa, hujaa tena, na mashine hupiga magoti. Mwaka 2012, katika kerneli 3.6, kashe hiyo ya IPv4 iliondolewa kabisa, na kila pakiti ikawa inatafutiwa njia kwenye mti wenyewe wa jedwali. Waliokuwa wakipima kwa mkondo mmoja waliona Linux "imepungua nguvu". Waliokuwa na maelfu ya wateja waliona mashine inayotabirika. Watumiaji wa MikroTik waliliona jambo hilohilo baadaye sana walipohama toleo la 6 kwenda la 7, kwa sababu toleo la 6 lilikuwa na kerneli ya zamani yenye kashe hiyo. Malalamiko yalikuwa mengi, na mengi yalikuwa ya kweli kwa aina ya kazi ya mlalamikaji.

FreeBSD ilirithi mti wa njia wa BSD za miaka ya 1980, na kwa muda mrefu tatizo lake kubwa halikuwa mti, bali kufuli, yaani kinga ya kuzuia sehemu mbili za prosesa zisivuruge data moja kwa wakati mmoja. Kila kiini cha prosesa kilichotaka kusoma njia kilishika kufuli kwanza, na pakiti zote zinapoelekea kwenye lango moja la kutokea, viini vyote hugombea kufuli moja. Unaongeza viini, kasi haiongezeki. Toleo la 13, lililotoka Aprili 2021, lilipanga upya sehemu hiyo na likaruhusu kubadili mbinu ya kutafuta njia bila kuwasha mashine upya. Mojawapo ya mbinu hizo ni DXR ya Marko Zec na wenzake, ambayo hulikunja jedwali zima hadi liwe dogo la kutosha kukaa kwenye kashe ya prosesa. Kumbuka nanosekunde 67: hapo ndipo faida ilipo, kuepuka safari ya RAM.

OpenBSD nayo ilihamia muundo uitwao ART uliobuniwa na Yoichi Hariguchi, unaosomeka bila kufuli. Lakini kazi ya kupitisha pakiti yenyewe ilikuwa bado inakaa kwenye kiini kimoja mpaka mwaka 2022, ilipoanza kugawanywa. Jaribio la OpenBSD la mwaka 2019 na la leo si la mfumo mmoja, hata jina likiwa lilelile. Vivyo hivyo kwa mifumo yote kabla na baada ya Januari 2018, udhaifu wa prosesa uitwao Spectre na Meltdown ulipotangazwa. Kinga zilizowekwa ziliongeza gharama katika aina ya miito ambayo njia ya pakiti imejaa, na waandishi wa Linux walifanya kazi kubwa kuipunguza gharama hiyo.

Viini vinne, kazi kwa kimoja

Kadi za kisasa zina foleni nyingi. Kadi huchukua anwani na milango ya pakiti, huipigia hesabu, na jibu huamua pakiti iende foleni gani, na kila foleni ina kiini chake. Pakiti za mazungumzo mamoja huenda foleni moja ili zisipishane. Wazo hili, ambalo Microsoft ndio waliolipa umbo lake la kawaida, sasa liko kila mahali. Udhaifu wake ni kwamba mkondo mmoja hauwezi kuzidi uwezo wa kiini kimoja. Kuna udhaifu wa pili, na huo nilikutana nao uso kwa uso.

Niliitwa kwenye jengo la ofisi ambalo rauta yake ilikuwa kompyuta ya viini vinne yenye FreeBSD. Laini ya faiba iliingia kwa PPPoE, utaratibu wa kuunganishwa na mtoa huduma unaoongeza kichwa cha ziada kwenye kila pakiti. Kila saa nne asubuhi, ofisi zote zikiwa zimejaa, intaneti ilikwama. Msimamizi alinionyesha grafu: prosesa, asilimia 25 na kidogo. "Kaka, mashine imetumika robo tu," aliniambia, "tatizo ni FreeBSD, tumeshashauriwa tuweke Linux." Nikafungua top, programu ya kuonyesha matumizi ya prosesa, kwa namna inayoonyesha kila kiini peke yake. Kiini cha kwanza, asilimia 100. Vingine vitatu vilikuwa vimekaa tu.

Robo ya mashine yenye viini vinne ni kiini kimoja kizima. Kadi ile ilijua kusoma anwani za IP, lakini ndani ya PPPoE kichwa cha IP hujificha nyuma ya kichwa kingine ambacho kadi haikukielewa. Iliposhindwa kusoma, ilirundika kila kitu kwenye foleni ya kwanza.

Walikuwa na kompyuta ya akiba yenye kadi za aina hiyohiyo, kwa hiyo tuliweka Linux kama walivyotaka. Saa nne ya kesho yake mambo yakawa yaleyale: kiini cha kwanza kimejaa, vitatu vinatazama. Tatizo lilikuwa la kadi, na kadi haijali mfumo. Ndipo nikawasha RPS, utaratibu wa Linux ambao kerneli yenyewe hurudia hesabu ya kugawa pakiti, na kerneli inaijua PPPoE. Mzigo ukatawanyika. Wiki iliyofuata niliirudisha ile ya FreeBSD na kuweka mpangilio wa net.isr.dispatch kuwa deferred, na kazi ya IP ikahamia viini vingine pia. Mifumo yote miwili ilikuwa na dawa, na kwenye yote miwili dawa ilikuwa imezimwa tangu kiwandani. Kama tungewasha RPS siku ileile tuliyoweka Linux, jengo zima lingeapa mpaka leo kwamba Linux inaishinda FreeBSD.

Fayawoli, na usawa usio usawa

Gharama kubwa ya pakiti katika ofisi nyingi haiko kwenye kutafuta njia hata kidogo. Iko kwenye fayawoli inayokumbuka kila mazungumzo. Kwenye Linux, sheria moja tu ya NAT (kubadili anwani za ndani kuwa ya nje) huamsha conntrack, ufuatiliaji wa mazungumzo, na tangu hapo kila pakiti hutafutwa kwenye daftari la mazungumzo. Daftari likijaa, kerneli huandika "nf_conntrack: table full, dropping packet", na wateja wapya hawapiti japo prosesa imepumzika. Kwa upande wa FreeBSD, fayawoli ya pf ilianza kutumia viini vingi kwa pamoja toleo la 10, mwaka 2014.

Sasa fikiria mtu anayesakinisha mifumo mitatu bila kugusa chochote, awashe upitishaji pakiti, apime. OpenBSD huja pf ikiwa imewashwa na inakumbuka kila mazungumzo. FreeBSD huja bila fayawoli. Linux hutegemea imefungashwa na nani. Na ikiwa Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha, imo, conntrack tayari iko kazini. Mtu huyo atachapisha grafu yenye nguzo tatu na kuiita ulinganisho wa haki kwa kuwa "hakubadilisha kitu". Amelinganisha kazi tatu tofauti. Kuna mitego midogo zaidi ya hiyo. FreeBSD ina njia yake ya mkato ya kupitisha pakiti, lakini katika matoleo kadhaa haitumiki ikiwa mpangilio wa net.inet.ip.redirect umeachwa 1, ambayo ndiyo hali yake ya kawaida. Kubadili tarakimu moja kunaipeleka pakiti njia nyingine kabisa ndani ya kerneli.

Mwaka 2012 Rizzo alionyesha netmap, njia ya programu kuifikia kadi bila kupitia kazi nyingi za kerneli: kiini kimoja kilichopunguzwa hadi megahezi 900 kilituma au kupokea pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani gigabiti 10 zote kwa pakiti ndogo kabisa. Hakukuwa na utafutaji wa njia wala fayawoli, ni kuzitoa na kuziingiza kwenye kadi tu. Lakini ilithibitisha kwamba chuma hakikuwa kikwazo. Kilichokula muda ni karatasi ambayo kerneli huijazia kila pakiti: mbuf kwa BSD, sk_buff kwa Linux, kuitenga, kuijaza, kuifungua na kuitupa. Uelewa huohuo ndio ulio nyuma ya DPDK iliyoanzishwa na Intel, inayoichukua kadi kutoka mikononi mwa kerneli. VPP, inayopitisha pakiti kwa mafungu ya hadi 256 katika kila hatua ili maelekezo ya hatua hiyo yabaki kwenye kashe. Na XDP ya Linux, inayoigusa pakiti kabla karatasi haijafunguliwa. Majaribio ya XDP yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitupa pakiti hadi milioni 24 kwa sekunde kwa kiini kimoja. Kutupa si kupitisha, na namba hiyo hunukuliwa vibaya mara nyingi. Rauta inayotumia DPDK, jina la mfumo endeshi ulio chini yake halina uzito mkubwa, kwa sababu pakiti hazipiti kwake.

Ukitaka kupima mwenyewe

RFC 2544, waraka wa mwaka 1999 wa namna ya kupima vifaa vya mtandao, bado ndio msingi. Inataja ukubwa saba wa fremu za Etheneti, kuanzia 64 hadi 1518, na inafafanua uwezo wa kupitisha kuwa kasi ya juu kabisa ambayo hakuna fremu hata moja inayopotea. Ufafanuzi huo ni mkali, nami naupenda kwa ukali wake, maana "ilifika milioni 3 ikipoteza kidogo" inaweza kuficha chochote.

Unahitaji mashine tatu au angalau mbili: inayotuma, rauta, inayopokea. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuendesha iperf (programu ya kupima kasi) ndani ya rauta yenyewe. Hapo umepima rauta ikiwa mpokeaji wa TCP, kazi ambayo haitaifanya kamwe kwa wateja wako, na hujapima upitishaji. Hata iperf ikiwa nje, mkondo mmoja wa TCP una pakiti kubwa, na Linux huziunganisha kadhaa kuwa moja kabla ya kuzitafutia njia, kwa hiyo gharama ya njia hulipwa mara moja kwa pakiti nyingi. Ni faida halali, ila haitakusaidia siku ya mafuriko ya SYN. Kwa pakiti ndogo tumia programu za kutuma pakiti kama TRex, au pkt-gen ya netmap, au pktgen iliyomo ndani ya Linux.

Zima usingizi wa prosesa na kupanda na kushuka kwa kasi yake, la sivyo utapima hali ya hewa. Kwenye seva yenye prosesa mbili, hakikisha kadi imechomekwa upande wa prosesa inayofanya kazi. Andika toleo la kerneli, toleo la draiva, na kila ulichobadilisha. Kisha tuma baiti 64 kwa mkondo mmoja, halafu kwa mikondo 10,000 yenye anwani tofauti. Weka fayawoli yenye sheria zako halisi, urudie zote mbili. Kila mara tazama viini kimoja kimoja, usitazame wastani. Ukimaliza, zima mashine, ondoa diski, weka ile yenye mfumo wa pili, kwa kadi zilezile na kebo zilezile, uanze upya kwenye ule mkondo mmoja.